Matofali Sita Ukutani

Wa kwanza kujua ulikuwa ufagio.

Kila asubuhi Kimya alifagia ua wa nyuma. Ukutani kulikuwa na misumari sita. Kwenye kila msumari ulining'inia mkanda wa mpira, na chini ya kila mkanda lilifungwa tofali. Jumatatu ufagio ulipita chini ya tofali la tatu bila kugusa kitu. Alhamisi ufagio uligonga tofali hilo.

Kimya akasimama. Msumari ulikuwa palepale. Tofali lilikuwa lilelile. Ni mkanda uliokuwa umerefuka.

Akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akalifungua tofali, akaliweka chini polepole. Alidhani mkanda utaruka juu, kama mpira unavyoruka ukiachiwa. Haukuruka. Ulipanda kidogo tu, kisha ukatulia hapo, umelegea kama soksi kuukuu.

Akaukunja kwa dole gumba. Kwenye mkunjo kulijitokeza mistari midogo mingi, kama nyufa za kisigino kikavu.

"We Kimya! Unafagia au unasoma gazeti?" Baba aliita kutoka kibandani.

"Nafagia, Baba."

Akalifunga tofali tena. Hakumwambia mtu yeyote. Ndiyo ilikuwa tabia yake, na ndiyo maana walimwita Kimya. Jina lake hasa lilibaki kwenye daftari la shule, darasa la tano, pale alipoishia mwaka ule mgongo wa Mama ulipougua.

Baba alikuwa fundi wa mikanda ya kufungia mizigo. Alinunua mipira ya ndani ya matairi ya malori, ile iliyotoboka mpaka haizibiki tena. Mama aliiosha kwa sabuni akiwa amekaa. Kimya aliikata kwa kisu kikali, vipande virefu, upana wa vidole vitatu. Baba alikunja waya mnene kwa koleo, akatia kulabu kila ncha. Wabeba mizigo wote wa mtaa walimjua: wenye baiskeli, wenye pikipiki, wenye mikokoteni.

Lakini kabla ya kuuzwa, kila mkanda ulipita ukutani. Ulifungwa tofali, ukaachwa juani siku kumi mpaka urefuke. Baba aliita kazi hiyo "kuufundisha mpira". Aliirithi kwa baba yake.

"Wenzangu wanauza mpira mbichi," alijigamba kwa wateja. "Wangu umehitimu! Hapa ni shule."

"Na binti yako naye amehitimu?" wateja walimtania, wakimwonyesha Kimya kwa kidevu.

"Huyo aliishia darasa la tano. Mipira yangu imemzidi!"

Watu wakacheka. Kimya naye alicheka, maana kutocheka kungeleta maneno mengine.

Mteja akitaka kununua, Baba alikanyaga kulabu moja, akashika ya pili kwa mikono miwili, akainama na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Vuta mpaka mwisho! Umeona? Haukatiki!" Mteja wa pili naye alivutiwa mkanda uleule, na wa tatu. Mkanda ulinunuliwa ukiwa umeshavutwa mpaka mwisho mara tano, mara kumi.

Ijumaa jioni Kaka alikuja uani kuchagua mkanda mpya. Kaka alibeba kreti za soda kwa baiskeli. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno ya kumtosha yeye na mdogo wake. Akapita mbele ya misumari kama mtu anayechagua shati.

"Huu wa tatu ni mrefu," akasema. "Utazunguka kreti sita bila wasiwasi. Unasemaje, Kimya?"

Kimya alifungua mdomo. Akamwona Baba nyuma ya Kaka, anatabasamu, amejaa fahari. Akaufunga.

"Amekubali," Kaka akasema. Akaondoka na mkanda begani.

Jumamosi asubuhi Kaka alipanga kreti tupu kwenye baiskeli, mbele ya nyumba. Kimya alikuwa dirishani anaosha vikombe. Alisikia Kaka anavuta pumzi kama mtu anayekaza mkanda. Kisha akasikia sauti kama ya kofi.

Kreti zilianguka. Chupa moja ilibingirika mpaka mlangoni. Kaka alikuwa amepiga magoti, mikono usoni, damu inatoka katikati ya vidole.

"Jicho!" Mama alipiga kelele. "Mwanangu, nionyeshe jicho!"

Jicho lilikuwepo. Mkanda ulikatika, na kulabu ikarudi ikampiga juu ya nyusi. Kwenye zahanati walimshona nyuzi nne. Muuguzi aliosha mikono, akasema bila kugeuka, "Kidole kimoja chini zaidi, jicho lingekwenda. Mlikuwa mnafunga mzigo au mnapigana?"

Nyumbani, Baba hakukaa chini. Alizunguka chumba.

"Umevuta kwa pupa," akasema.

"Nimevuta kama ulivyonifundisha, Baba."

"Basi hukusikiliza nilipokufundisha! Mikanda yangu haikatiki." Sauti ikashuka. "Nitakupa mwingine. Mkanda wa sita. Huo umekaa ukutani wiki mbili, una shahada kabisa. Nyuzi zikitolewa Alhamisi, siku hiyohiyo unarudi kazini nao."

"Sawa, Baba," Kaka akasema kutoka nyuma ya bandeji.

Kimya alikuwa analoweka shati la Kaka kwenye beseni. Alibadilisha maji mara tatu. Kila maji yalipogeuka mekundu, alimwona Kaka na mkanda wa sita, na kidole kimoja chini zaidi. Mpaka Alhamisi zilikuwa siku tano.

Akajifuta mikono. Akatoka nje, akaokota vipande viwili vya mkanda uliokatika, akavitia mfukoni mwa gauni.

Mlango wa tatu kutoka kwao aliishi mwanamke aliyerekebisha mizani za wauza nyama na wauza mboga. Mtaa mzima ulimwita Mama Mizani. Chumba chake kilijaa springi za kila ukubwa, na yeye mwenyewe alijaa maneno. Kimya alipenda kukaa kwake, kwa kuwa hapo hakuna aliyemngoja aongee.

"Karibu, msemaji mkuu!" Mama Mizani akamlaki. "Leo umekuja kunigombeza?"

Kimya akaweka vipande viwili mezani.

"Huu ndio uliotaka jicho la kaka yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Pole. Na wewe unataka nini?"

Mama Mizani, kwa mara ya kwanza, akangoja.

"Nataka kujua kwa nini haukurudi," Kimya akasema. "Nililiondoa tofali. Mkanda haukurudi juu."

"Ulipima?"

"Niliona kwa ufagio."

"Kwa ufagio!" Mama Mizani hakucheka. Aliweka bisibisi chini. "Vuta kiti."

Akatundika mizani ya springi kwenye kamba. "Mshale uko wapi?"

"Kwenye sifuri."

Akaning'iniza jiwe la kilo moja. Springi ikarefuka. "Sasa?"

"Moja."

"Nikiongeza jingine?"

"Mbili. Na springi imeshuka tena, kama ilivyoshuka mwanzo."

"Macho unayo. Sasa naondoa yote." Mshale ukarudi kwenye sifuri. "Hivi ndivyo vitu vinavyonyumbuka. Springi, mpira, lastiki ya sketi yako. Ukivuta, vinakubali. Ukiachia, vinarudi vilivyokuwa. Lakini vina mpaka. Tazama hii."

Akatundika mizani ya pili. Haikuwa na mzigo wowote, lakini mshale ulikuwa kwenye mbili.

"Hii ni ya muuza nyama wa pale kona. Ni mizani ya kilo kumi. Yeye akaning'iniza mguu mzima wa ng'ombe. Springi ikavushwa mpaka wake, na tangu siku hiyo haijui njia ya kurudi sifuri. Kilo mbili za hewa! Watu wamenunua hewa mwezi mzima, wameipika na vitunguu."

Kimya akacheka mpaka akafunika mdomo.

"Na mpira?" akauliza.

"Mpira una mambo yake. Ndani mna nyuzi ndogo sana, jicho halizioni. Zimejikunja na kushikana, kama sweta. Ukiuvuta, zinanyooka. Ukiuachia, zinajikunja tena. Ukivuta kupita kiasi, zinaanza kukatika. Ukiuacha umevutwa siku nyingi, zinazoea kunyooka, hazitaki tena kujikunja. Na ukiuacha umevutwa juani, basi umeumaliza. Jua na hewa vinakula ngozi yake. Unaona nyufa hizi? Mkanda haukukatika leo. Ulianza kukatika siku ulipotundikwa."

"Kwa hiyo tofali haliufundishi mpira."

"Linauzeesha, mwanangu. Baba yako anauza mipira vizee, halafu anaiita vijana."

"Njoo umwambie," Kimya akasema upesi.

"Nilimwambia mwaka juzi. Akanijibu nikapime nyanya. Mimi ni jirani tu. Wewe ndiye uliyeona."

"Mimi ni wa darasa la tano."

"Na mpira umesoma mpaka la ngapi?" Mama Mizani akaegemea mbele. "Shika hapa. Panua vidole. Kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho, hiyo ni shubiri. Hiyo rula yako huwezi kuipoteza. Una chaki?"

Kimya alikuwa nayo. Alitoka nayo shuleni siku ya mwisho, kipande kidogo, na hakuwahi kukiandikia kitu. Akakitoa mfukoni.

"Piga mistari miwili kwenye mkanda. Kati yake shubiri moja. Vuta taratibu mpaka mistari iachane shubiri moja na nusu. Usizidishe hapo, na mzigoni pia usizidishe hapo. Shikilia, hesabu mpaka sitini. Achia taratibu, pima tena. Mistari ikirudi shubiri moja, mkanda ni mzima. Isiporudi, au ukiona nyufa, ukate vipande, usifunge nao hata kuni. Na uso, mwanangu! Usiweke uso kwenye njia ya mkanda uliovutwa. Kaa pembeni."

Kimya alirudi nyumbani akisema moyoni: shubiri moja, shubiri moja na nusu, sitini, pembeni. Aliyarudia mpaka akayajua kama jina lake.

Jumapili alitaka kusema. Baba alikuwa anakula. Jumatatu alitaka kusema. Baba alikuwa na wateja. Jumanne alisema, "Baba," na Baba akajibu, "Nini?" kwa sauti kubwa kiasi kwamba Kimya akamuuliza tu kama anataka chai.

Jumatano asubuhi aliacha kutafuta maneno. Alikwenda uani, akafungua matofali yote sita. Akayabeba mawili mawili mpaka mlango wa kibanda. Akayapanga. Akayakalia.

Baba akatoka na koleo mkononi.

"Matofali yangu yako wapi?"

"Nimeyakalia, Baba."

"Nyanyuka."

"Naomba radhi, Baba. Sinyanyuki."

Baba akamtazama kama mtu aliyesikia kiti kinaongea. "Umesemaje?"

"Sinyanyuki. Matofali haya hayarudi ukutani. Na Kaka haondoki na mkanda wa sita."

Kelele za Baba zilimtoa Mama ndani, mkono kiunoni. Kaka akaja nyuma yake na bandeji yake. Mteja mmoja naye akafika, mwenye mkokoteni, mtu wanayemwita Breki kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nayo.

"Kuna msiba?" Breki akauliza.

"Kuna mtoto aliyekosa adabu!" Baba akasema. "Nilianza kazi hii kabla hajazaliwa, leo ananikalia matofali yangu! Wewe mama, mwambie binti yako anyanyuke."

Mama alimtazama Kimya kwa muda. "Mwache," akasema. "Nimengoja miaka mingi huyu aongee. Simkatizi leo."

Kimya aliikalia na mikono yake.

"Baba, naomba mikanda miwili," akasema. "Wa sita, na huu niliokata jana, ambao haujatundikwa. Yote imetoka kwenye mpira mmoja. Nionyeshe nimekosea, nitayarudisha matofali mwenyewe."

"Mpe, fundi," Breki akasema. "Mimi sina haraka. Nikiwa na haraka siwezi kusimama."

Baba akaitupa mikanda mapajani mwa Kimya. Kimya akapiga mistari ya chaki kwenye yote miwili, shubiri moja. Kaka alishika ncha moja, Breki nyingine, wote wamekaa pembeni, nyuso mbali. Wakavuta mkanda mpya mpaka shubiri moja na nusu. Kimya akahesabu kwa sauti. Alipofika thelathini, sauti iliacha kutetemeka. Sitini. Wakaachia. Akapima.

"Shubiri moja. Umerudi."

Wakafanya vilevile kwa mkanda wa sita. Wakaachia. Akaweka mkono. Mstari wa pili ulikuwa umepita kidole chake cha mwisho.

"Huu haujarudi. Na hapa," akaukunja, "tazameni nyufa."

Breki akainama. "Loo! Hii ni midomo ya mtu mwenye homa."

"Mchezo wa watoto!" Baba akasema. "Kupimapima kwa vidole! Mbeba mzigo anataka nguvu. Lete hapa nivute, mwone kama utakatika." Akaweka kulabu chini, akanyanyua mguu kuikanyaga, akainama kama kawaida yake.

Kimya akanyanyuka.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliyaacha matofali. Akasimama kati ya Baba na mkanda, karibu sana, mpaka Baba akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, Baba. Si wewe."

"Nani basi? Wewe?"

"Ufagio."

Akayapanga matofali matatu huku na matatu huku, akausimamisha ufagio katikati, mpini chini, kichwa juu. Akamvua Baba kofia kichwani. Hakuna aliyewahi kufanya jambo hilo katika nyumba ile. Akauvika ufagio kofia. Kulabu moja akaifunga kwenye nondo ya dirisha. Nyingine akaifunga kwa kamba ndefu kwenye mkokoteni wa Breki, ili mkanda upite mbele ya ufagio, mahali Baba anapoinamisha uso.

"Watu wote pembeni, nyuma ya ukuta," akasema. Wakaenda. Hata Baba alikwenda. "Vuta, Breki. Mpaka mwisho, kama Baba anavyowaonyesha wateja."

Breki akasukuma mkokoteni. Mkanda ukanyooka. Ukawa mwembamba. Ukageuka kijivu.

Kofi!

Kofia iliruka juu, ikapita ukuta, ikatua ua wa jirani. Ufagio ulikuwa umelala chini.

Kuku wa jirani walipiga kelele, kisha wakanyamaza. Kaka akaenda kuifuata kofia. Akarudi nayo, akampa Baba. Kitambaa kilikuwa kimechanika mbele, kwenye ukingo unaokinga macho.

Baba akaivaa. Akapapasa palipochanika. Kidole chake kikaingia kwenye tundu, kikagusa kope ya jicho.

Alikaa juu ya tofali.

"Baba yangu alikuwa na jicho moja," akasema.

"Kwa sababu ya mwiba," Mama akasema. "Ulituambia ni mwiba."

"Yeye alisema tuseme mwiba. Nilikuwepo. Nilikuwa mdogo kama... nilikuwa mdogo." Akaugeuza mkanda uliokatika. "Siku ya pili alitundika mwingine, nami nikamshikia tofali. Sikuuliza."

Breki alikuna shingo, akasema taratibu, "Basi mimi nichukue huo mbichi, fundi. Huo ambao haujaenda shule."

Baba akacheka bila kutaka. Wakacheka wote.

Tangu Jumatano hiyo, misumari sita ilibaki mitupu. Mikanda ilikaa kwenye boksi, ndani, kivulini, mbali na jua na mbali na kopo la mafuta. Ile ya zamani ilikatwa vipande vidogo, Mama akatengeneza mkeka wa kufutia miguu. Matofali yakawa kiti cha wateja mbele ya kibanda.

Mwanzoni wateja walinung'unika. "Mbona mikanda yako imekuwa mifupi?"

"Mifupi lakini inarudi," Baba alijibu. "Ukitaka mrefu, nakukatia mrefu kutoka mwanzo. Sivuti."

Wengine waliondoka. Wengi wao walirudi. Kimya alikuwa amebuni kitu. Kwenye kila mkanda alipiga mistari miwili ya rangi nyeupe, umbali wa shubiri moja, ili kila mbeba mizigo apime mwenyewe, kwa mkono wake, hata kama hajui kusoma. Aliwafundisha mmoja mmoja. Mwanzo alisema akitazama chini. Baadaye akawa anawatazama machoni, na waliovuta wakiwa wameinamisha uso aliwapiga kofi dogo begani. "Pembeni! Una jicho la akiba?"

Mtu mmoja aliwahi kuuliza, kwa mazoea, kama binti amehitimu. Baba alimtazama mpaka akaacha kutabasamu. "Muulize yeye swali," Baba akasema. "Mimi mwenyewe nauliza."

Kaka hakurudi kazini na mkanda wa sita. Alirudi na mikanda miwili mipya. Kila jioni aliifungua ipumzike, hakuiacha imekaza usiku kucha kwenye kreti. Kila Jumamosi aliileta kwa mdogo wake ikaguliwe.

Jumamosi moja, miezi mitatu baadaye, alikaa kwenye matofali na kunyoosha mkanda mapajani.

"Haya, mwalimu. Nikague."

Kimya akaweka mkono. Dole gumba kwenye mstari mmoja, kidole cha mwisho kwenye mwingine. Akaukunja, akatafuta nyufa. Hazikuwepo.

"Mzima."

Kaka alicheka. Kovu lake lilipanda na nyusi. "Unajua, kila nikijitazama kwenye kioo nakukumbuka wewe. Wewe ndiye uliyeniokolea jicho."

Baba alikuwa mlangoni anakunja waya. Koleo lilisimama.

Kimya angeweza kutabasamu tu. Ilikuwa rahisi. Alikuwa ametabasamu hivyo maisha yake yote. Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya mkanda, na alihisi mpira unavyojikaza kidogo chini ya vidole, unavyotaka kurudi mahali pake.

"Sikukuokoa, Kaka," akasema. "Ule mkanda wa tatu niliuona Alhamisi. Niliona haurudi. Niliona nyufa. Ijumaa ukaniuliza nasemaje, nikakuangalia unaondoka nao. Niliwaogopa. Wewe Baba nilikuogopa, na vicheko vyenu vya darasa la tano niliviogopa zaidi. Kovu hilo ni langu pia. Sasa sikieni wote wawili: nikiona kitu nitakisema, hata mkiwa mnakula."